Ndoo, jerikani, kioo au chuma: chagua chombo cha bia ya nyumbani kwa jinsi kinavyokufa

Anayetaka kuanza kupika bia nyumbani huuliza chombo kipi kinatoa bia nzuri. Vyote vinatoa. Hamira haijali kama imewekwa kwenye plastiki ya soko la Kikuubo, Kampala, au kwenye pipa lililovuka bahari. Ikipata maji safi ya kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) na joto la wastani, itafanya kazi yake. Tofauti huonekana siku mambo yanapoharibika: koki inapovuja usiku wa manane, umeme unapokatika, mpiko unapoanza kunuka siki. Kwa hiyo hapa nalinganisha vyombo kwa namna kila kimoja kinavyokufa, kama dalili zake zinaonekana mapema, na kama hapa Uganda utampata fundi na kipuri au utabaki unakitazama tu.

Nazungumzia mpiko wa lita 20 wa bia ya shayiri yenye hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), ile inayokaa chomboni wiki mbili hivi kabla ya kuingia kwenye chupa. Na msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa mtu wa Kampala, Jinja au huku Busia mpakani, ndoo ya plastiki ya chakula ndiyo ya kuanza nayo, na pipa la chuma lisubiri. Jerikani la manjano, ambalo kila nyumba inalo, ndilo ningekukataza.

Ndoo ya plastiki

Sifa kubwa ya ndoo ni mdomo mpana. Mkono unaingia hadi chini, macho yanaona kila pembe, na kitambaa laini chenye sabuni isiyo na manukato kinamaliza kazi kwa dakika chache. Inunuliwe mpya, iwe ya chakula, yenye namba 2 au 5 ndani ya pembetatu kwenye kitako. Iliyowahi kubeba rangi ya ukuta haifai hata ukiisugua mwaka mzima, na iliyokaa na achari itaipa bia harufu ya achari, maana plastiki hii hunywa harufu.

Kifo chake cha kwanza si kifo. Kizibo cha maji, kile kinachotoa gesi kwa mapovu bila kuingiza hewa, kinanyamaza siku ya pili, mtu anadhani hamira imekufa, anafungua, anakoroga, anaongeza hamira nyingine, na kwa kuhangaika huko ndiko anakoingiza uchafu. Mara nyingi gesi imepata tu upenyo kwenye ukingo wa mfuniko, na bia haina tatizo lolote. Chukua kiasi kidogo, tumbukiza hidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki: kama ulianza na 1.050 na sasa inasoma 1.025, kazi inaendelea. Ikifika 1.010 au 1.012 na kubaki hapo siku tatu, imekwisha, na una bia ya asilimia 5 hivi ya kilevi. Bila hidromita unabahatisha. Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu zaidi ya ndoo, nunua hicho.

Kifo cha pili ni mikwaruzo. Waya wa kusugulia sufuria ukipita ndani ya ndoo mara moja tu, unaacha mifereji ambayo bakteria hujificha humo na dawa ya kusafishia haiwafikii. Ndoo yenye mikwaruzo inahamia bafuni, unanunua nyingine. Bei yake inaruhusu, na hiyo ndiyo nguvu yake: unaweza kuiacha bila kuumia.

Cha tatu ni koki, na hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu mipiko mingi inayochacha vibaya huanzia hapo. Koki ya plastiki ina sehemu mbili, mwili uliokazwa kwenye ndoo na kipande cha ndani kinachozunguka. Watu huifungua, hupitisha maji ya moto, huona yametoka meupe, huridhika. Sasa ifungue nati, itoe kabisa, halafu kivute hicho kipande kinachozunguka. Utakuta pete ya utelezi wa kahawia, nyembamba kama uzi, yenye harufu ya bia ya mwezi uliopita. Maji ya moto hayakuigusa kwa sababu yalipita katikati yake. Koki ivuliwe hivyo kila mpiko, isuguliwe kwa mswaki wa zamani, iloweshwe kwenye dawa ikiwa vipande vipande.

Usiku wa kabla ya kupika, jaza ndoo maji na uweke gazeti kavu chini ya koki. Asubuhi gazeti litakueleza. Mpira wa nati ukishakauka, duka lolote la vifaa vya ujenzi lina mpira wa koki ya tangi unaolingana. Kama inaanza kuvuja katikati ya kazi, usiikaze kwa nguvu. Nati ya plastiki hupasuka, na lita 20 zikafuata sakafuni. Hamishia bia kwenye ndoo ya akiba iliyosafishwa, kwa mpira mwembamba unaofika hadi chini, ili isirushe povu. Ikiwa ni siku ya kwanza au ya pili, hewa kidogo haidhuru, hamira itaimaliza. Baada ya wiki, hewa hiyohiyo inaleta ladha ya katoni iliyolowa, na ladha hiyo haina tiba.

Jerikani la manjano

Ni rahisi kuona kwa nini watu hulipenda. Lipo, lina lita 20 kamili, linabebeka kwa boda, na kifuniko chake hufunga vizuri kuliko cha ndoo. Lakini mengi ya majerikani hayo yalizaliwa yakiwa na mafuta ya kupikia, na mafuta hayatoki yote. Mabaki kidogo tu yanaua povu: bia inamiminwa, inachemka kwenye glasi, halafu juu panabaki patupu bila hata duara la povu. Yaliyobeba mafuta ya taa, petroli au dawa ya mimea hayajadiliki, hata kwa maji ya kunywa.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye mkono wa jerikani. Ule mkono ni mrija, umeungana na tumbo kwa pande zote mbili. Povu la hamira linapopanda siku ya pili, linaingia humo na kukauka. Hakuna brashi inayopinda kiasi hicho, na mdomo mwembamba haukuruhusu kuona. Kisha linakuja lile zoezi la kuosha kwa kutia mchanga na kokoto, kufunga na kutikisa. Kwa jerikani la maji ya kisima ni sawa, utelezi wa kijani unatoka. Kwa bia, kokoto hizo zinafanya kazi ileile ya waya wa sufuria, tena mahali usipoweza kukagua.

Jerikani jipya la chakula, ambalo halijawahi kubeba kitu, lina kazi moja nzuri. Maji ya bomba yakikatika na huna namna ya kupoza mpiko, maji ya kimea yanaingizwa humo yakiwa bado ya moto sana, linafungwa, linalazwa ubavu dakika chache ili joto lifike kila mahali pamoja na mkononi, na linaachwa lipoe usiku kucha. Asubuhi unahamishia kwenye ndoo na kutia hamira. Hakikisha kwanza plastiki yake ni nene na inahimili joto hilo. Nyepesi hulainika na kuvimba, na maji ya kimea ya moto yakimwagikia mtu ni hospitali. Na usiyaache humo siku nyingi bila hamira. Nitarudi kwenye hatari hiyo.

Chupa kubwa ya kioo

Kioo hakikwaruziki, hakinywi harufu, hakipitishi hewa, na unaona kila kitu kinachoendelea. Kwa usafi kinaizidi ndoo mbali sana. Lakini hufa mara moja tu, na kinapokufa kinakata. Chupa ya lita 20 iliyojaa ina uzito unaozidi kilo 25, inateleza ikilowa, na maji ya moto juu ya kioo baridi huipasua kitako. Kuifikisha nyumbani kwa boda kwenye barabara ya mashimo ni kamari, na ikivunjika hakuna kipuri. Zaidi ya hayo lazima uifunike kwa blanketi, kwa sababu mwanga unaharibu hopsi na kuleta harufu mbaya kama ya kicheche. Mwenye nyumba isiyo na watoto wanaokimbia, na asiyehamahama, anaweza kuifurahia kwa kupumzishia bia iliyokwisha kuchacha. Kwa kuanzia, hapana.

Pipa la chuma kisichoshika kutu

Hili ndilo kila mtu analiota. Linachemshwa, linapigwa mswaki, linaanguka linapata bonyeo na kuendelea. Kwa anayepika kila wiki ninalipendekeza bila kusita.

Ila angalia linavyokufa. Lililoagizwa nje lina vali, mipira na klampu za vipimo vyake. Mpira mmoja ukikatika, pipa zima linasimama hadi kifurushi kifike. Nunua mipira ya akiba siku unayoagiza pipa, usingoje. Lililotengenezwa na mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, lina vipimo vya hapa na fundi wake unamjua, lakini kila kitu kinategemea ule mshono wa kuchomelea. Kabla ya kulipa, ingiza mkono, pitisha ukucha juu ya mshono wote wa ndani. Ukucha ukinasa, bakteria nao watanasa. Mwambie asage hadi pawe laini, kwa diski ambayo haijagusa chuma cha kawaida, maana chembe za chuma hicho zikibaki humo, kutu itaonekana ndani ya wiki chache. Mabapa yaliyotoka kwenye mapipa ya kemikali usiyakubali kwa bei yoyote.

Kuna jambo la dawa ambalo linabadilisha uamuzi wa wengi. Kwenye ndoo unaweza kutumia jiki isiyo na manukato: vijiko viwili vya chakula kwa maji lita 10, dakika 15, kisha suuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiposuuza, klorini inaungana na vitu vya kwenye kimea na kuleta ladha ya plasta ya hospitali, ladha unayoisikia hata ikiwa kidogo sana. Kwenye chuma, jiki ikiachwa inachimba vishimo visivyoonekana, na pipa la gharama linaanza kuoza kutoka ndani. Pipa la chuma linataka maji yanayochemka au dawa ya tindikali. Na jiki isikutane na tindikali yoyote, hata siki. Hutoa gesi ya sumu.

Mtungi wa ajono na lyato la tonto

Wasomaji wa Teso na Buganda watauliza mbona wazee hawakuhitaji haya yote. Ni kwa sababu ya muda. Tonto, pombe ya ndizi, hukaa kwenye lyato, lile hori la mti lililofunikwa majani ya migomba, siku moja au mbili tu. Ajono, pombe ya ulezi, hukamilika kwa siku chache na kunywewa papo hapo kwa mirija mirefu, maji ya moto yakiongezwa. Ukali wa bakteria wa maziwa, wale wanaogandisha mtindi, ni sehemu ya ladha inayotakiwa, na vinyweleo vya udongo au mti huhifadhi mbegu ya mpiko unaofuata. Bia ya hopsi ya wiki mbili, halafu wiki mbili nyingine chupani, inawapa bakteria haohao mwezi mzima wa kufanya watakalo. Mtungi ni chombo bora kabisa kwa kazi yake, na kwa bia ya shayiri ni kibaya kabisa. Kama chumba chako hakina nafasi ya friji wala ndoo mbili, na unachotaka ni kinywaji kizuri Jumamosi hii, pika ajono. Nasema hivyo kwa heshima yote.

Joto: kitambaa kilicholowa au friji

Hamira nyingi za eli, bia inayochacha kwenye joto la wastani, hupendelea nyuzi 18 hadi 22. Chumba cha Kampala mchana hufika 27 au 28, na hamira yenyewe ikifanya kazi huongeza nyuzi tatu hadi tano ndani ya ndoo. Hapo ndipo inapotoka bia inayounguza koo na kuumiza kichwa. Hakuna kilichovunjika, lakini mpiko umeharibika.

Njia ya kwanza: ndoo ndani ya beseni la maji, fulana ya pamba iliyolowa juu yake, na chupa za barafu mbili zikibadilishana asubuhi na jioni. Haina kitu cha kufa. Njia ya pili: friji yenye kidhibiti joto, na hiyo ndiyo pekee inayokuruhusu kupika lager, inayotaka nyuzi 9 hadi 13. Watu wanaogopa umeme kukatika, lakini lita 20 hupata joto polepole. Ukiacha mlango umefungwa, saa chache za giza hazina madhara makubwa. Hatari iko pale umeme unaporudi kwa kishindo na kuunguza kompresa. Kifaa cha kulinda friji kina bei ndogo sana ukilinganisha na friji yenyewe. Ipo na njia ya tatu, hamira za kveik kutoka Norway, zinazofurahia nyuzi 30 na kuendelea. Ukiweza kuagiza, nusu ya matatizo ya joto yamekwisha. Kabale ni habari nyingine: usiku baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10, na huko unachohitaji ni blanketi.

Mpiko umeharibika: subiri, okoa au mwaga?

Kusubiri ndiko kunakofaa mara nyingi kuliko watu wanavyoamini. Harufu ya yai bovu siku za mwanzo ni kawaida kwa hamira kadhaa, na hupotea. Ladha ya tofaa bichi au ya siagi inamaanisha hamira haijamaliza kusafisha. Iache siku nne tano zaidi, mahali penye joto kidogo. Matope ya kahawia yaliyoganda kwenye ukingo ni mabaki ya povu, hayana neno.

Kuokoa kunahitaji kuchukua hatua. Hidromita imekwama kwenye 1.020? Pandisha joto hadi 21 au 22, zungusha ndoo taratibu bila kuifungua, ngoja siku mbili. Isiposhuka, tayarisha hamira mpya: imwage kwenye maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, na ikitoa povu ndani ya robo saa, itie. Usikate tamaa ukaifunga kwenye chupa ikiwa imekwama, kwa sababu sukari iliyobaki itaamka ndani na chupa zitalipuka. Hata kwa bia iliyokwisha, sukari ya chupani isizidi gramu 6 kwa lita, yaani gramu 120 kwa mpiko wote, na chupa ziwe zile nene za kahawia za nusu lita zinazorudishwa. Umeme au gesi ikikatika wakati wa kuchemsha, hakuna msiba: funika sufuria, washa sigiri, na hesabu dakika upya tangu ichemke tena.

Kumwaga kuna sababu mbili zisizo na mjadala. Ya kwanza ni ukungu wenye manyoya, wa kijani, mweusi au wa waridi. Usiuchote ukanywa cha chini, maana sumu za ukungu hazionekani. Ya pili ni maji ya kimea yaliyokaa siku tatu bila dalili yoyote ya kuchacha. Bia iliyokamilika hujilinda kwa kilevi, hopsi na ukali wake. Maji ya kimea hayana kinga hiyo, na yakikaa yamefungwa kwenye joto la chumba yanaweza kuzalisha sumu ya botulini. Ndiyo sababu ni vema kuwa na pakiti mbili za hamira kila unapopika. Zote zikigoma na duka liko mbali, tia hamira ya mkate siku hiyohiyo. Bia haitakuwa safi sana, lakini itanyweka.

Siki iko katikati. Utando mweupe mwembamba na harufu kali ya siki si hatari kwa afya, ila bia hairudi tena. Kama hopsi zilikuwa chache, funika kwa kitambaa, iache ipate hewa mwezi mmoja au miwili, upate siki ya kachumbari. Iweke mbali kabisa na vyombo vya kupikia, maana vile viinzi vidogo vya matunda husafirisha siki kutoka chombo hadi chombo.

Na atakuja jirani kukuambia usimwage, akuuzie kwa mpika waragi, pombe kali ya hapa. Kataa. Kukeneka pombe kali bila leseni kulipigwa marufuku na sheria ya enguli (jina la zamani la waragi) ya 1965, na wewe hujui kitaongezwa nini baada yako. Kabale mwaka 2010 makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli, kilevi chenye sumu.

Chombo baada ya mpiko kuoza

Hapa ndipo bei ya kweli ya kila chombo inapoonekana. Ndoo: koki na mipira yote tupa, ndoo yenyewe iloweshe kwa jiki usiku mzima na uisuuze, ikioza mara ya pili mfululizo, ipe kazi nyingine. Jerikani: usijaribu, lirudi kisimani. Kioo: siku moja na sabuni ya magadi, dawa, nacho ni kipya tena. Chuma: fungua kila klampu, tupa mipira laini, chemsha vilivyobaki nusu saa.

Kabla ya kukiamini kwa lita 20, kipime. Chemsha lita moja ya maji ya kimea, imimine ndani ya chombo kilichosafishwa ikiwa imepoa, izungushe ifike kila pembe, itoe kwa koki ileile hadi kwenye chupa iliyochemshwa, funika kwa foili bila kukaza. Usitie hamira. Ikitoa mapovu au kuchafuka ndani ya siku tatu, chombo bado kina wadudu, na sasa unajua kabla ya kununua kimea. Hiyo lita usiionje, imwage.